Mpira unapita kati ya bati na pedi: neti, kutupiwa au mpira wa soksi?

Kijana wa Barani, Malindi
Asalaam alaykum wakubwa. Nacheza kriketi hapa Malindi, napigia mkono wa kulia na ndiye ninayeanza kupiga katika timu yetu. Mpira ukidunda ukaingia ndani, unapita kati ya bati na pedi, ile kinga ya mguu, na vijiti ninavyovilinda vinalala. Mwezi huu mara nne. Jumamosi nina saa mbili tu. Niende neti, pale pa mazoezi palipozungushiwa wavu, kwa warushaji watatu, nitupiwe na kaka yangu, au nitundike mpira kwenye soksi pale mwembeni nyumbani?

Mrushaji wa Shela, Lamu
Waalaykum salaam ndugu yangu. Neti, bila kusita. Mimi narusha: habari ya mpira iko kwenye kifundo changu kabla haujaniponyoka vidoleni. Mpigaji asiyezoea kusoma mkono huchelewa siku ya mechi. Na usiseme hakuna neti. Sisi tulipewa jarife kuukuu na wavuvi. Macho yake mapana, mpira ukapenya, tukalikunja mara mbili, likashika. Wakati wa bamvua, maji yakishapwa, mchanga huwa mgumu na tunacheza kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu ya umeme.

Mkufunzi mstaafu, Mombasa
Mrushaji wa Shela yuko sawa kwa mtu ambaye mguu wake umeshatulia. Wako haujatulia, mwanangu. Warushaji watatu watakuletea mipira mitatu tofauti, na kosa lako litajificha humo humo. Tupiwa.

Mwambie kaka yako asimame mita 12 kutoka kwako. Kutoka mstari wa mrushaji hadi wako ni kama mita 17.7. Akitupa kwa kilomita 70 kwa saa, mpira unakufikia kwa karibu muda ule ule wa mrushaji wa kilomita 100, na bega lake halichoki haraka. Atupe sehemu moja tu, nje kidogo ya kijiti cha ofu, yaani cha upande wako wa kulia unapomtazama mrushaji, uingie ndani.

Sasa mguu. Nadhani unaupeleka mbele mapema, umenyooka, kisha bati linalazimika kuuzunguka. Hapo ndipo lango, ule mwanya kati ya bati na pedi, linapofunguka. Kichwa kitangulie kuufuata mpira, goti likunjike, mguu utue kando ya mpira. Bati lishuke limeigusa pedi, na uupige ukiwa chini ya macho yako, si mbele huko. Weka kandambili pale mguu unapozoea kutua vibaya. Ukiikanyaga, mpira huo hauhesabiwi hata kama umeupiga vizuri.

Dada wa Langoni, Lamu
Soksi msiidharau, ina kazi moja ambayo neti haiwezi. Piga kwa mkono wa juu peke yake, polepole. Mpira ukienda na kurudi kwenye mstari mmoja, uso wa bati umenyooka. Ukianza kuzunguka, umelipinda. Huhitaji mtu wa kukwambia. Don Bradman, mpigaji mashuhuri wa Australia, alikua mji wa Bowral akipiga mpira wa gofu kwa kijiti, akiugongesha kwenye kitako cha tangi la maji, na wastani wake wa mikimbio katika mechi za Test, zile ndefu za kimataifa, ukafika 99.94. Dakika kumi kila jioni nyumbani zinatosha, ila mpira wa soksi haudundi, kwa hiyo shida ya mguu utabaki nayo.

Mgeni wa Watamu
Na mashine ya kurusha mipira je?

Mkufunzi mstaafu, Mombasa
Nzuri kwa kurudia pigo moja. Ila haina mkono wa kusoma, na pesa yake ni bora mnunue helmeti na mipira ya ngozi.

Kijana wa Barani, Malindi
Narudi na habari baada ya Jumamosi mbili. Saa ya kwanza nilitupiwa, ya pili neti, na soksi jioni. Siku ya kwanza niliikanyaga kandambili mara 19 katika mipira 60. Juzi mara 6. Kwenye neti bado mrushaji wetu wa kushoto alinitoa mara moja, lakini safari hii mpira uligusa pedi kwanza. Mwalimu, hilo nalo ni mguu au ni kichwa?

Mkufunzi mstaafu, Mombasa
Kichwa. Kimeangukia upande wa ofu, ndiyo maana pedi inafika kabla ya bati. Mwombe kaka yako akupige video kutoka mbele, uitume hapa.