Brokoli: ndoo au ardhini? Mbegu au miche?

Mgeni_Embakasi
Wadau, hamjambo. Nyuma ya nyumba nina kipande cha futi 6 kwa 10, udongo ule mweusi wa kunata. Nichimbe hapo au nijaze ndoo za lita 20? Na nianze na mbegu au ninunue miche?

BabaWawili
Ndoo. Udongo huo mvua ikinyesha unashika maji hadi mizizi inaoza, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza mkono. Toboa ndoo chini, changanya udongo mwekundu na samadi, mche MMOJA kila ndoo. Ukisonganisha kama sukuma wiki utavuna vichwa vya saizi ya ndimu.

Kabete_Kijani
Baba Wawili, na maji ya mgao? Ndoo zangu zilikuwa zimekauka kufikia saa nane mchana. Brokoli ikionja kiu inatoa kichwa kidogo mapema, basi. Mimi nilirudi ardhini, sentimita 45 kati ya miche. Huko Embakasi inua tuta sentimita 30, maji yapite. Ila pasiwe mahali palipokuwa na sukuma wala kabeji. Ni ukoo mmoja, magonjwa yao ni yale yale.

MamaKitalu
Mnabishania ndoo na hamjagusa miche! Miche ya brokoli na ya kabeji zikiwa changa huwezi kuzitofautisha. Mwaka jana nilinunua 20 kando ya barabara, nikamwagilia miezi miwili nikingoja brokoli. Zikafunga kabeji, zote. Mume wangu anacheka mpaka leo. Tangu hapo nasia mwenyewe: Aprili kitaluni, baada ya wiki 4 au 5 nahamisha, vichwa vinafunga kwenye baridi ya Julai. Ukichelewa hadi joto, vinachanua maua ya njano. Na ukishakata kichwa using'oe shina, vitachipua vidogo pembeni.

BabaWawili
Hapo kwa kitalu nakubali. Pia pindua majani kila asubuhi, viwavi wa kijani hukaa chini yake.

Mgeni_Embakasi
Asanteni. Nitainua tuta, na ndoo mbili za majaribio. Mbegu nasia mwenyewe, Mama Kitalu umenitisha. Jirani ana kuku, nichukue samadi yake?

MamaKitalu
Chukua, lakini ikae miezi kadhaa kwanza. Mbichi itaunguza miche, halafu uje kulaumu mbegu.