Kifaranga wa siku tano amezubaa, naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa. Niko Makorora, Tanga mjini. Tetea wangu wa kienyeji ameangua vifaranga tisa, leo siku ya tano. Wanane wanachakura vizuri tu. Huyu wa tisa tangu jana asubuhi kajikunyata, mbawa zimeshuka, anasinzia kama mtu aliyekesha ngomani. Juzi usiku mvua ilipiga, banda likavuja upande wao, nahisi baridi ndiyo iliyomwanza.

Nilipomgeuza nikakuta sehemu ya haja imezibwa na kinyesi kilichokauka. Nimekilowesha kwa pamba na maji ya uvuguvugu mpaka kikaachia chenyewe (kukivuta ni kumchuna ngozi), nikampaka mafuta ya nazi. Sasa yuko ndani kwenye boksi la viatu, juu ya kipande cha kanga, pembeni chupa ya maji ya moto niliyoifunga kitambaa, maana umeme wetu ndio huo tena. Maji ya glukosi anakunywa nikimchovya mdomo. Chakula hagusi.

Jirani mmoja anasema nimpe kitunguu saumu, mwingine OTC (dawa ya antibayotiki, oxytetracycline) aliyobakiza ya kuku wakubwa. Hiyo ya pili naiogopa, kifaranga mwenyewe hafiki hata gramu 50.

Wazoefu, nimpe nini ale? Nikimrudisha baada ya siku mbili tatu, mama yake hatamdonoa? Na chanjo ya kideri ya siku ya saba, niwape wale wanane au nisubiri kwanza nione huyu anaendaje?