Makampuni yanatumia laibrari yangu, michango haifiki hata ya kulipia seva. Nifanyeje?

Fundi_Kodi: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nina laibrari huria, yani kodi ya programu ambayo yeyote anaichukua bure na kuitumia kwenye programu yake, ya kusoma mafaili ya CSV (majedwali ya data), huu mwaka wa nne naitunza peke yangu usiku baada ya kazi. Juzi saa saba usiku jamaa wa kampuni moja kafungua isyu (ripoti ya tatizo kwenye ukurasa wa mradi), kaandika "rekebisheni haraka wateja wetu wamekwama", yani rekebisheni, kama vile tuko timu nzima, kumbe ni mimi na laptop yangu. Nimekesha nikarekebisha, asubuhi isyu imefungwa bila hata asante. Kitufe cha kuchangia kipo tangu mwanzo, waliochangia watatu, wote madevelopa wenzangu. Kuiacha sitaki ila nimechoka kweli. Nyie mnapataje hela?

Mzee_wa_Seva: Pole sana mkuu. OpenSSL yenyewe, laibrari huria inayolinda saiti kibao duniani, kabla ya Heartbleed, ule udhaifu mkubwa wa usalama uliogundulika ndani yake mwaka 2014, ilikuwa inapata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka na aliyeajiriwa full-time ni mmoja tu. Makampuni yalikuja kutoa hela ya maana moto ulipowaka. Kwa hiyo usingoje huruma. Kwenye kampuni developa hana uwezo wa kutoa mchango, mhasibu atamuuliza hii ni ya nini, ila fungu la kulipia sapoti lipo. Mimi niliandika ukurasa mmoja tu, sapoti ya mwaka, najibu ndani ya siku 2 za kazi, natuma invoisi, nikaupachika juu kabisa ya README, lile faili la maelezo ya mradi. Mteja wangu wa kwanza ni yuleyule aliyekuwa ananisumbua kwenye isyu.

binti_terminal: Hiyo sawa ila sapoti nayo inakula muda wa kuandika kodi ya programu. Jaribu na ruzuku. NLnet, taasisi ya Uholanzi, wanatoa hadi kwa mtu binafsi, na Ujerumani kuna Sovereign Tech Fund, mfuko wa serikali wa programu huria, tangu 2022, hao ndo waliowapa GNOME, mradi wa muonekano wa desktop za Linux, euro milioni 1. Usiombe hela ya "kuendeleza mradi", omba ya kazi moja yenye mwanzo na mwisho, mfano kuandika upya sehemu ya kusoma mafaili makubwa, uigawe vipande, NLnet wanalipa kila kipande kikikamilika.

Kaka_Patch: Naongezea moja, usije ukampa mtu funguo za mradi, yani ruhusa ya kubadilisha kodi na kutoa matoleo, kwa sababu ya uchovu. Kumbuka xz, programu huria ya kubana mafaili, 2024, mtunzaji alikuwa mmoja na amechoka, akaja "msaidizi" akajenga imani zaidi ya miaka miwili halafu akapandikiza mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu. Ilishtukiwa kwa sababu developa mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa nusu sekunde.

Fundi_Kodi: Dah, asanteni sana. Ukurasa wa sapoti nimeanza kuuandika sa hivi. Yule jamaa wa saa saba nimtumie na yeye?

Mzee_wa_Seva: Mtumie wa kwanza. Mwambie akupe na imeili ya mhasibu wao.