Naomba ushauri: uwanja wa mbele uwe bustani ya mboga

Habari wakuu. Nataka uwanja wa mbele ya nyumba, ambao sasa ni nyasi tupu, uwe bustani ya mboga bila mbolea za chumvichumvi wala dawa za viwandani, na kila kitu nioteshe mwenyewe kwa mbegu. Karoti nitazipanda moja kwa moja, maana hazipendi kuhamishwa. Shida ni nyanya: zinachipua vizuri kitaluni, halafu shina linasinyaa pale pale usawa wa udongo na mche unalala. Nahisi ni kinyausi, ule ugonjwa wa kuoza shina la miche michanga. Je, nipunguze maji tu, au nibadilishe na udongo? Na hizo nyasi, nizing'oe au nizifunike kwa maboksi na kumwaga mboji juu? Mimi naegemea kufunika, minyoo isisumbuliwe. Aliyewahi kufanya hivyo, zilichukua muda gani kuoza?