Mdogo wangu anauchukia mwili wake na anajiumiza: nianzie wapi?

Yaya wa Ibanda
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mdogo wangu wa kike ana miaka 19, anasoma chuo kikuu hapa Bukavu. Siku hizi havai ila mikono mirefu, hata juani, na tulipokuwa tukifua niliona makovu mapya mkononi mwake. Alinijibu tu: «Mwili huu siupendi.» Nyumbani tumezoea kumwita «Kibonge», na shangazi hukariri kwamba hakuna mume atakayemtaka. Mama anataka kuita kikao cha ukoo, binti akaguliwe. Nafanyaje?

Muuguzi, Kadutu
Yaya, kikao hicho kizuie. Kumvua nguo mbele ya wakubwa ni kumwongezea aibu ileile inayomtesa. Wengi wanaojiumiza hawakusudii kufa. Wanatuliza uchungu walioshindwa kuusema, lakini nafuu hiyo haikai, aibu inarudi na mkono unarudi palepale. Mtu anayeuthamini mwili wake huukinga bila hata kufikiri, ila aliyeambiwa miaka yote kwamba mwili wake ni kasoro huanza kuuadhibu kama adui. Mwangalie pia anavyokula, kwa sababu kujinyima chakula au kujitapisha mara nyingi huandamana na jambo hili. Hata hivyo, anayejiumiza yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua, kwa hiyo muulize waziwazi, mkiwa wawili, kama anawaza kufa. Swali hilo halimpi wazo ambalo hakuwa nalo.

Baba wa Bagira
Jina la Kibonge likome leo, na shangazi aambiwe. Wavulana nao hawajasalimika: mwanangu alitaniwa kwa wembamba wake hadi akaacha kuoga mtoni na wenzake.

Yaya wa Ibanda
Asanteni. Nikimpeleka Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili hapa mjini, mtaa mzima utasema amepata wazimu.

Muuguzi, Kadutu
Naelewa, na maneno hayo yamechelewesha wengi. Sosame hupokea pia wanaokuja kuzungumza na mtaalamu na kurudi kwao. Mkishindwa, anzeni kituo cha afya cha karibu, mwombe aonwe faraghani, naye akubali mwenyewe kwenda. Usimlazimishe kuapa kwamba hatarudia, maana akirudia atakuficha. Lakini akikwambia amepanga kufa, msingoje kesho: asibaki peke yake, ondoeni vitu vya hatari na dawa chumbani, mwende hospitali saa ileile.

Yaya wa Ibanda
Mama nimezungumza naye, kikao ameahirisha. Jioni nitaketi na mdogo wangu.