Maumivu ya jointi za shingo: M54.2, M25.5 au M47? Watu wa fomu za bima naomba msaada

dada_wa_madai: Habari wakuu. Niko kitengo cha madai kwenye kituo cha afya. Daktari anaandika tu "maumivu ya jointi za shingo" basi, mimi kwenye sehemu ya namba ya ugonjwa naweka M54.2 (maumivu ya shingo), wenzangu wanaweka M25.5 (maumivu ya jointi) eti kwa sababu ni jointi. Fomu zinarudi, hasa zile zenye eksirei na fiziotherapia, tunaambiwa ugonjwa hauendani na huduma. Sasa hivi nina faili la mama mmoja, shingo inauma na mkono wa kulia unakufa ganzi, eksirei inaonyesha pingili zimesagika. Nimuweke M47 (pingili kusagika)?

Kalamu Nyekundu: M25.5 ondoa kabisa. Kwenye ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa, kundi la M20 hadi M25 limeandikwa wazi kwamba halihusu jointi za uti wa mgongo, hizo ziko M40 hadi M54. M54.2 ni dalili tu, unaitumia chanzo kikiwa hakijajulikana. Kikijulikana unaandika chanzo: pingili zimesagika na neva imebanwa ni M47.2, uti wa mgongo wenyewe (ule wa neva unaopita ndani ya pingili) ukibanwa M47.1, kama hakuna kati ya hayo mawili M47.8. Tatizo likiwa ni diski (ule mto kati ya pingili na pingili) nenda M50, na hapo usibandike tena M54.2 pembeni. Na mkikuta mtandaoni namba ndefu kama M47.812 msinakili, hiyo ni ya Marekani, wana toleo lao wanalolitumia tangu Oktoba 2015.

fizio_wa_kanda: Nakubaliana na mkuu hapo juu ila dada tafadhali usimpe M47 kwa kusoma eksirei mwenyewe, watu wengi wenye umri mkubwa pingili zimesagika kwenye picha na wala hawaumwi, kwa hiyo lazima daktari ndiye aunganishe picha na mgonjwa. Mrudishie faili aandike yameanza lini, upande gani, ganzi inafika vidole gani (dole gumba mara nyingi ni neva ya shingo ya C6, cha kati ni C7), nguvu ya mkono ikoje, rifleksi zikoje. Hayo ndiyo yanayotetea eksirei na fiziotherapia, na sisi huku tunajua tuanzie wapi badala ya kumuuliza mgonjwa upya. Halafu ukiona kwenye maelezo mgonjwa anaangusha vitu au anayumba akitembea, achana na fomu kwanza, mkimbilie daktari, huyo anahitaji rufaa haraka.

dada_wa_madai: Asanteni sana, faili namrudishia leo leo. Na dereva wa bodaboda aliyeanguka jana, shingo imekaza?

Kalamu Nyekundu: Huyo hatoki kundi la M la magonjwa ya mifupa na misuli, ni jeraha. Daktari akishahakikisha hakuna pingili iliyovunjika (hiyo ingekuwa S12) na akaandika kano zimevutika, ni S13.4, kisha ongeza namba ya chanzo cha ajali, wapanda pikipiki wako V20 hadi V29. Mwambie daktari aandike na jinsi dereva alivyoanguka, kama aligongana na gari au aliteleza mwenyewe, maana namba zinatofautiana.