Kutoka gitaa kavu kwenda gitaa la umeme kwa ajili ya muziki wa metali: hela niiweke wapi?

RadiYaMeru
Wakuu, habari za jioni. Napiga gitaa kavu mwaka sasa na ushee, kodi (chords) za kawaida nazibana bila shida, na Jumapili huwa nasindikiza kwaya. Ila kinachonikesha ni metali, ule muziki mzito wa roki. Nataka kuhamia gitaa la umeme. Nina milioni moja na nusu ya Kitanzania na lazima imalize kila kitu.

Nimebaki na njia nne. Nifunge pikapu (kinasa mtikisiko wa nyuzi) kwenye hili hili gitaa kavu na kuliunganisha na pedali ya distoshini, ile inayoichafua sauti iungurume. Au nichukue gitaa zuri hela yote iishie hapo, amplifaya itajulikana mbele ya safari. Au gitaa la bei ya chini na amplifaya ya maana. Au gitaa na intafesi ya sauti (kisanduku cha kuunganisha gitaa na kompyuta), nipigie kwenye laptop kwa hedifoni, maana nimepanga chumba na ukuta ni mmoja na jirani. Na kuna rafiki yangu anasisitiza nibaki na gitaa kavu mwaka mwingine vidole vikomae. Naombeni mnilinganishie.

FundiNyuzi
Mkuu, la kwanza liondoe kabisa kwenye orodha. Gitaa kavu limetengenezwa ili ubao wake wa mbele utikisike, ndiyo maana linasikika bila umeme. Ukiongeza distoshini, sauti ya spika inautikisa ule ubao, mtikisiko unaingia kwenye pikapu, unarudi kwenye spika ukiwa mkubwa zaidi, na ndani ya sekunde mbili chumba kizima kinapiga mluzi. Halafu nyuzi zako za chini zimezungushiwa shaba nyeusi. Pikapu za sumaku zinasikia chuma na nikeli. Shaba hazisikii, kwa hiyo utapata nyuzi mbili nyembamba zinapiga kelele na nne nene zimefifia. Na metali yote iko kwenye hizo nene.

Ndiyo maana gitaa la umeme la metali kwa kawaida ni ubao mzima usio na tundu.

NyuziKumi
Nakusalimu kutoka Nairobi. Kuhusu huyo rafiki yako: vidole vya mtu aliyepiga gita kavu mwaka mzima vimeshakomaa. Gita kavu kwa kawaida huwa na nyuzi za 12 hadi 53, yaani uzi mwembamba ni 0.012 ya inchi na mnene 0.053. Gita la umeme huja na 9 hadi 42 au 10 hadi 46. Utahisi nyuzi ni laini mno, na kwa wiki za mwanzo utakuwa unazibana kwa nguvu hadi noti zinapanda juu ya tuni. Hilo ndilo la kurekebisha.

Kazi mpya iko kwenye kunyamazisha nyuzi usizozipiga. Gita kavu halikufundishi kwa sababu uzi usioupiga hausikiki. Kwenye distoshini kila uzi unaoguswa, hata kwa kucha, unanguruma. Fanya hivi: weka ubavu wa kiganja cha mkono wa piki (kile kibao kidogo cha kupigia) juu ya daraja, pale pale nyuzi zinapotokea, kisha piga uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, ukiwa wazi. Kiganja kikikaa nyuma sana uzi unalia wazi. Kikisogea mbele sana unasikia tu "tk", noti imekufa. Katikati hapo, pa upana wa nusu sentimita hivi, unapata ule mdundo mzito. Na wakati huo huo kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimelala kwa wepesi juu ya nyuzi nyembamba ili zisilie. Kukaa mwaka mwingine kwenye gita kavu ni kuchelewesha zoezi hili hili moja ambalo metali imejengwa juu yake.

MzeeRithimu
Vijana, hamjambo. Mimi ni mtu wa muziki wa dansi, nimeshika gitaa la rithimu kwenye bendi hapa Dar tangu ujana wangu. Metali siijui sana, lakini gitaa nalijua. Nakubali mtoto ahame. Nisichokubali ni kuanza na distoshini siku ya kwanza. Distoshini inaficha mkono usio na muda, yaani usioshika mapigo. Apige sauti safi kwanza, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa 60 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo, mpaka zote ziwe na uzito mmoja. Na asisahau kanisa: gitaa atakalonunua litamtumikia huko pia.

NyuziKumi
Shikamoo mzee. Kuhusu muda nakuunga mkono asilimia mia. Ila distoshini inaficha upande mmoja na kufichua mwingine: inaficha nguvu isiyo sawa ya piki, inafichua nyuzi zisizonyamazishwa. Kwa hiyo nusu saa safi, nusu saa chafu. Akipiga sauti safi peke yake atafika kwenye metali na mkono wa kiganja ambao haujawahi kufanya kazi.

MzeeRithimu
Marahaba. Hapo umesema, nakubali.

BintiDistoshini
Mada ni ulinganisho wa hela, turudi huko. Dada yako hapa nina gitaa la pili sasa, na ninaona njia ya pili na ya tatu zote zina kasoro. Gitaa zuri bila kitu cha kulisikilizia ni ubao. Amplifaya kubwa chumbani kwa kupanga utaiweka sauti kwenye moja milele, na nyingi zikiwa chini hivyo zinasikika nyembamba.

Mimi naipigia kura njia ya nne kama laptop unayo tayari. Intafesi ndogo ya tundu moja la gitaa, kama Focusrite Scarlett Solo, na programu za bure. Neural Amp Modeler hailipiwi na inaiga amplifaya za metali vizuri kuliko amplifaya yoyote ndogo niliyowahi kuigusa. Sharti moja: hedifoni ziwe za waya. Bluetooth inachelewesha sauti, unapiga sasa unasikia baadaye, na kwa rifu (vipande vifupi vinavyorudiwa) za haraka hilo linaua muda kabisa.

Kasoro ya njia hii ni umeme ukikatika na laptop haina chaji. Na mtu anayelazimika kuwasha kompyuta kwanza hupiga mara chache kuliko mwenye kitu cha kubonyeza swichi moja. Kama unajijua ni mtu wa dakika kumi kumi, chukua Boss Katana 50. Ina tundu la hedifoni na unaweza kuishusha nguvu hadi nusu wati, kwa hiyo jirani analala.

RadiYaMeru
Asanteni sana, laptop ninayo. Sasa gitaa lenyewe. Kuna mtu anauza gitaa la Ibanez la mkononi (limeshatumika) lenye lile daraja la kuelea la Floyd Rose, bei imelala. Na binamu yangu yuko Texas, anakuja Desemba, anaweza kubeba kitu.

FundiNyuzi
La Floyd Rose liache kwa sasa, hata kama bei inavutia. Daraja lile limesimama kwa mvutano: nyuzi zinavuta upande mmoja, springi upande wa pili. Ukilegeza uzi mmoja, springi zinashinda kidogo na nyuzi tano zilizobaki zinapanda. Wewe wa metali utataka kushusha uzi wa sita kutoka noti ya E kwenda D kila baada ya siku mbili. Kwa daraja lililofungwa ni sekunde kumi. Kwa lile la kuelea ni kupanga gitaa zima upya, tena unaanza kwa kufungua vibano vya juu kwa spana. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, gitaa lote limetoka kwenye tuni.

Tafuta daraja lililofungwa na humbaka upande wa daraja. Humbaka ni pikapu ya koili mbili zilizozungushwa kinyume, mvumo wa umeme wa 50 Hz unajifuta wenyewe. Pikapu ya koili moja inaubeba mvumo huo wote, na distoshini inaukuza. Ibanez GRG121DX ina humbaka mbili na daraja halitembei. Kama kanisa lina uzito kwako, Yamaha Pacifica 012 ina humbaka moja nyuma na pikapu mbili za koili moja mbele, zinalia safi kwa nyimbo za kusindikiza. Daraja lake lina mkono wa kutikisa, ila usipoutumia linatulia. Kwa metali tupu ningechukua Ibanez. Kwa maisha yako ulivyoyaeleza, Pacifica.

BintiDistoshini
Mimi ningechukua Ibanez hata na kanisa. Humbaka ya shingoni ukiipunguza volyumu inasafika vya kutosha kwa kwaya.

MbegaHouston
Niko Texas pia. Gitaa binamu abebe, halina habari na umeme wa nchi yoyote. Amplifaya asibebe. Huku ni volti 120, huko 230, na nyingi zinazouzwa huku hazina swichi ya kubadilisha, ukichomeka imeungua. Intafesi inayokula umeme wa USB haina shida. Mwambie alegeze nyuzi kidogo na shingo ikae imezungushiwa nguo ndani ya kasha.

RadiYaMeru
Nauliza jingine: nianze moja kwa moja na nyuzi nene kwa sababu ya metali?

NyuziKumi
Hapana. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani Birmingham mwaka 1965. Anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vilikuwa vidole vya kubana. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akafunga nyuzi nyembamba sana, baadaye akalegeza gita zima hadi C# ili zibanike. Uzito ule unaousikia ulitoka kwenye nyuzi laini. Anza na 10 hadi 46, zinabeba E na D bila kulegea. Ukishuka hadi C ndipo utafute 11 au 12.

FundiNyuzi
Na usimalize hela yote kwenye vifaa. Bakiza ya fundi kunyoosha shingo na kushusha nyuzi. Gitaa la bei ya chini lililopangwa vizuri linapigika kuliko la ghali lililotoka kwenye boksi. Ukinunua la mkononi, bana kila uzi kwenye kila freti (vile vyuma vya shingoni) moja moja usikilize palipokufa, tikisa kebo kwenye tundu usikie kama inakwaruza, na gusa kila pikapu kwa bisibisi ukiwa umewasha: lazima isikike "tok".

RadiYaMeru
Basi nimeamua. Ibanez yenye daraja lililofungwa kupitia kwa binamu, intafesi nainunua hapa, hedifoni za waya ninazo, na nyuzi 10 paketi mbili. Inayobaki ni ya fundi. Mzee wangu, hiyo metronomu ya 60 naianza leo leo kwenye gitaa kavu.

MzeeRithimu
Vizuri mwanangu. Piga chini tu kwanza, piki isirudi juu.